Kafili Wangu Alikuwa Marehemu

Kila apitaye mlangoni ananiuliza neno moja: mbona ulirudi na Zuwena hajatoka eda? Bi Mosi kauliza, Bi Fatma Hamadi kauliza, hata Makame muuza samaki kauliza huku anapima. Nikieleza nusu, nusu ya pili mnaimaliza wenyewe, na mnaimaliza vibaya. Nimesikia nimegombana na wakwe. Nimesikia nimefukuzwa. Basi nimekaa nikaandika yote kwa mpango wake, na asiye na miwani Bi Mosi atamsomea.

Mnajua Zuwena mwanangu kaolewa Omani, mji wa Sur, na Khalfan, ambaye wazee wake walitoka hapa hapa Unguja. Khalfan ndiye aliyenitafutia viza nikae nao. Sanduku nishalifunga, ikaja simu: Khalfan kaanguka kazini, hakuamka. Niliondoka kwa viza aliyoniombea mtu aliyekwisha kuzikwa.

Nilikwenda kwa jambo moja. Nikae na mwanangu miezi yake minne na siku kumi, na siku ya kutoka eda nimkoshe kwa mikono yangu, kama mama yangu alivyonikosha mie. Hilo silo la kuwaeleza nyinyi. Mjane hukoshwa na mamake, akiwa yu hai. Nilifungua tena sanduku nikatia liwa, marashi na jozi ya kanga mpya.

Maskati mpaka Bidbid

Nassor, mdogo wake Khalfan, anakaa Nizwa. Siku ile yumo msibani Sur, kwa hiyo alinitumia rafiki yake Suleiman anichukue uwanja wa ndege. Lakini Suleiman alikuwa anarudi kwake Nizwa, na njia ya Sur inakatika Bidbid. Akaniteremsha hapo mbele ya mkahawa, akaniwekea sanduku kivulini, akanambia gari ya Sur itakuja, na nisipande gari ya mtu nisiyemjua.

Nikashika neno. Akaja mwanamme mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina, akaniuliza, "Sur?" Nikatikisa kichwa. Akaenda. Nikanywa chai ya maziwa, tamu mpaka meno yanauma, nikala chapati. Akarudi tena yule yule, "Sur?" Nikamkazia macho, nikafunika uso kwa mtandio.

Karibu yangu alikaa mwanamke kabeba mtoto wa watu. Matajiri wake wamo ndani wanakula, yeye kaachwa nje na mtoto anayelia. Akanisikia nnavyojisemea.

"Shikamoo bibi. Umetoka nyumbani?"

"Marahaba mwanangu. Nyumbani wapi?"

"Nyumbani ndio huko huko. Mimi Pili, wa Tanga, Pongwe."

Pili kafanya kazi za ndani miaka mingi kule, na ndiye aliyenifunza mambo ya nchi ile. Akasema, "Huku bibi, mgeni hakai hivi hivi. Kila mtu ana kafili, yaani mwenyeji aliyekuandikisha. Ukiulizwa, jina lake linataka kutoka mdomoni kabla ya lako. Wako nani?"

"Khalfan, Mungu amrehemu."

Pili akaacha kumbembeleza mtoto. "Bibi, hilo la kurehemu usiwe unalisema."

"Mtu kafa, nimtaje vipi?"

"Mtaje tu."

Nikamwona msichana hana adabu. Hata hivyo ndiye aliyenyanyuka kumuuliza yule mwenye ndevu nyekundu anataka nini, na akarudi anacheka, mkono mdomoni. Yule ndiye Mbarak, gari yangu ya Sur. Katumwa anichukue, kanisubiri tangu asubuhi, na kila akija namkimbiza. Pili hakuwahi kuniaga vizuri. Matajiri walitoka wakijifuta midomo, akawafuata na mtoto, wala sikuona wakimpa hata mkate.

Bidbid, Ibra, mpaka Sur

Mbarak hakusema Kiswahili, mie Kiarabu changu ni cha kusali. Milima pande zote mikavu, kama mtu kaichoma moto akaiacha. Nilikuwa namwomba Mungu tufike kabla watu hawajatawanyika, nimwone mwanangu na umati ungali umemzunguka, kwani mjane huumia zaidi wakiondoka.

Tulipofika Ibra akakata kona akaingia kwa shangazi yake, Bi Zeyana. Nikasema moyoni, basi tumekwisha. Kahawa, tende, kisha wali na mbuzi, kisha kahawa tena. Kila nikinyanyuka, Bi Zeyana ananishika bega ananikalisha. Nilimwonesha njia kwa kidole, nikajifuta machozi aelewe nina msiba. Akaelewa nina njaa. Akaniongezea nyama.

Baadaye nilijua kuwa alielewa tokea mwanzo. Kwao mfiwa aliye safarini hawezi kuvuka mlango na njaa. Mie huruma ile nilikuwa naitukana kimoyomoyo, tonge kwa tonge.

Mbele ya Mintirib kuna watalii gari yao imezama mchangani, wamo pembeni wanapigana picha. Mbarak akasimama kuwavuta. Kamba ikakatika. Akatafuta nyingine. Nilibaki garini nikihesabu tasbihi.

Sur tulifika matanga yameanuliwa. Wanaume wanakunja mazulia, masufuria yameoshwa yamepangwa kifudifudi. Zuwena nilimkuta chumba cha ndani, kakaa na mwanawe Raya miguuni. Hakulia. Alisema, "Mama, umechelewa," kama nimechelewa kurudi sokoni.

Sur, ndani ya eda

Mwenye nyumba ni Bi Thuraya, mamake Khalfan. Katoka Unguja msichana, na Kiswahili chake ni kile cha bibi zetu, hakikuingia vumbi. Anasema "ati" na "hebu" kama mtu wa Malindi ya zamani. Siku ya kwanza alinishika mikono yote miwili akanambia, "Mkwe, mie nimezika, wewe unaye. Nitunzie wangu aliyebaki." Nikampenda kwa neno hilo.

Tuliishi vizuri, nyinyi msizushe. Asubuhi mkate mwembamba wa kule, unakatika kama karatasi, na asali. Mchana papa mkavu, anaopika mwenyewe wala hakubali mtu aguse chungu. Jioni anamsimulia Raya habari za babake alipokuwa mtoto, habari ile ile, na Raya anamsahihisha.

Zuwena hatoki. Havai rangi, hajitii manukato. Wanawake wakija kumwangalia anawapokea chumbani. Mie namchana nywele, namlazimisha kula. Liwa na kanga nilizitia kabatini, na mara moja moja nikimwona kafungua mlango wa kabati anaziangalia, kisha anafunga.

Ikaja simu ya Nassor. Ruhusa yangu ya kukaa ilikuwa miezi mitatu, na ilikuwa inakaribia ukingoni. Eda bado. "Usijali mama," akasema, "kuongeza muda ni jambo dogo. Nitakuja nikuchukue tukafanye Nizwa, huko nawajua watu."

Sur mpaka Nizwa, kwa njia ya Sinaw

Nassor alikuja siku ya mnada wa Sinaw, na ilibidi tupitie huko, kwa sababu anataka mbuzi. Mabedui wanawake wamevaa barakoa za uso, ndio wanaouza na kununua, wanawashika mbuzi midomo wakiwatazama meno. Mmoja alinipima kwa macho. Nilikaa kwenye ngazi, akaja akaniuliza jambo nikaitikia "naam, naam" kwa heshima, na Nassor aliporudi akanikuta nishanunua beberu.

"Mama, umekubali bei."

"Sikukubali kitu. Nimemwamkia."

Yule mama wa Kibedui akacheka mpaka barakoa ikatikisika. Nassor alilazimika kumchukua yule beberu, na njia nzima akilia nyuma ya masikio yetu. Na hapo ndipo Nassor alipozungumza la maana.

"Mama, nisikilize. Ofisini Khalfan bado yumo kama alivyo. Hajafutwa kwenye mtambo wao. Kadi yake ninayo, simu yake ninayo. Nitaomba kwa jina lake, wataongeza, tunarudi. Wewe usiseme kitu."

"Huo si uwongo?"

"Uwongo gani, nani kakuuliza? Asiyeulizwa hasemi uwongo."

"Na wakiniuliza?"

"Mie nitajibu. Wewe ni mzee, huna lugha. Nyamaza tu."

Nikakumbuka maneno ya Pili wa Tanga. Nikasema inshallah, na beberu akaitikia.

Nizwa

Mkewe Nassor, Salma, alinipokea kwa halwa na kahawa ya hiliki, akanitandikia kitanda chake. Kulipokucha tukaenda ofisini. Niliketi nyuma kidogo, mikono magotini, mdomo nimeufunga kama nimefunga saumu.

Dirishani alikuwa msichana, Ahlam, kajitanda vizuri. Nassor akasema naye Kiarabu, akatoa kadi, akatoa paspoti yangu. Yule msichana akaitazama paspoti, akanitazama mie, uso ukafunguka.

"Bibi unatoka Zanzibar? Shikamoo bibi!"

Nisikufuru, nilijiona nimekutwa na mjukuu. "Marahaba, mwanangu. Nawe Kiswahili kakufundisha nani?"

"Bibi yangu mimi. Yeye anasema mimi navunja maneno yote."

"Huvunji. Unayapinda tu."

Akacheka. Akanikaribisha mbele, akaniuliza Unguja ipi, mtaa upi, kama mwembe wa bibi yake upo, nikamwambia miembe iko mingi asubiri nikamuulizie. Nassor kasimama pembeni anatabasamu, kaona jambo limekuwa jepesi. Ahlam anaandika huku anaongea nami. Na kwa maongezi yale yale, hana nia mbaya, akaniuliza, "Na mkwe yako bibi, hii Khalfan, anakuangalia vizuri?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu nyinyi.

"Khalfan, Mungu amrehemu, alikuwa kijana mwema sana."

Vidole vyake vikasimama. Nassor akanigeukia. Mie mwenyewe nilisikia maneno yangu baada ya kutoka, kama mtu aliyesikia kikombe kimeshavunjika.

Ahlam akainamisha kichwa. "Bibi, yeye amekufa?"

Nassor akaanza Kiarabu cha haraka. Yule msichana akamnyanyulia kiganja, lakini aliendelea kunitazama mie. Sikuweza kumwambia hapana. Niseme nini, kwamba yu hai? Kwamba yuko nyumbani anakula?

"Amekufa," nikasema.

"Mungu amrehemu," akasema Ahlam, na macho yakamlenga. "Bibi, mimi sasa nimesikia. Nikisikia, siwezi kufanya kama sikusikia."

Akatueleza kanuni polepole, mara mbili. Kafili akifa, hawezi kuomba. Mtu hawezi kuongezewa muda kwa jina la maiti. Nassor hana udugu wa damu nami, hawezi kunichukua juu yake nikiwa ndani ya nchi. Aliyeweza kuniombea ni binti yangu, kwa kadi yake mwenyewe, ambayo ilikuwa bado na muda wake, lakini ilibidi afike mwenyewe mbele ya dirisha, aweke kidole. Si lazima Nizwa, hata Sur inafaa. Kadi ya Khalfan akaichukua, akamwambia Nassor ashukuru kuwa anaishia hapo.

"Binti yangu yumo edani," nikasema. "Hatoki nje."

Ahlam akaniangalia kwa huruma ya kweli, na huruma ile ndiyo iliyonikera. "Lakini lazima aje, bibi."

Tulipouacha mji, Nassor akanigeukia garini.

"Mama, neno moja tu. Nilikuomba neno moja usilitie."

"Ni nduguyo, Nassor."

"Najua ni ndugu yangu. Mie nimemwingiza kaburini kwa mikono hii. Angefurahi ungemnyima dua siku moja ukabaki na mkewe."

Nawaandikia kama alivyosema.

Kurudi Sur

Zuwena alisikiliza yote kasimama. Kisha akaenda kuvaa buibui lake.

"Kesho nitakwenda, Mama. Ofisi iko karibu. Mchana kweupe, naingia natoka."

Bi Thuraya alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua uso. "Unakwenda wapi?"

"Kuweka kidole."

"Mwanangu hajakauka huko aliko, wewe unakwenda kupanga foleni na wanaume?"

Nikampigia simu shekhe wa mtaa wao, ajuaye Kiswahili, nikamweka kwenye spika tusikie sote. Shekhe akasema mjane ana ruhusa kutoka mchana kwa dharura, akarudi kulala nyumbani kwake, na hii ni dharura. Nikamshukuru. Nikadhani yamekwisha.

"Umesikia, Bi Thuraya."

"Nimesikia. Shekhe hakumzaa Khalfan."

"Wala hakukataza."

"Mkwe, mie nilikaa eda ya babake, na nyumba inavuja, na mtoto mgonjwa, sikutoka. Hospitali alipelekwa na majirani. Sote tumekaa hivyo. Akitaka kwenda aende, mlango sikuufunga. Ila akirudi asinambie yeye ni mke wa Khalfan."

Zuwena akasema, "Basi nitakwenda, na nitarudi, na nitakuwa mkewe."

Hapo Bi Thuraya ndipo alipolia. Sikupata kumwona akilia kabla. Alilia mchele umo mapajani, punje zinaanguka, na Raya anaziokota moja moja anamrudishia.

Nilimtazama mwanangu. Nikaona nitabaki, nitamkosha, kisha nitapanda ndege, na yeye ataachwa katika nyumba ile na mama wa watu asiyemsemesha, maisha yake yote. Nikamvua buibui mwenyewe.

"Kaa," nikamwambia.

"Mama, unanichagulia."

"Ndio. Kaa."

Kanuni ilisema atoke, mila ikasema asitoke, na baina ya mbili hizo anayeondolewa ni bibi kizee. Sisi wepesi kubeba.

Kutoka Sur

Mbarak ndiye aliyenirejesha. Safari hii hakuniuliza kama naenda Sur. Tulipita Ibra, nikamwambia asikate kona, akaelewa. Bidbid nilimtazamia Pili wa Tanga nimwambie alisema kweli. Pale alipokaa walikuwa wamekaa wengine.

Nassor alikuja uwanjani kuniaga. Akasema nikifika nyumbani ataniombea viza mpya kwa jina lake, maana kwa mtu aliye nje wanaangalia vingine, na nitarudi kabla eda haijaisha. Alisema hivyo kapiga magoti ananifungia kamba ya sanduku. Namwamini kuwa alipokuwa anasema alikuwa anataka. Nyinyi mmeniona nikikaa na simu mkononi. Alipokea mara ya kwanza, akasema wamekataa, atajaribu kwingine. Baadaye akawa hapokei.

Zuwena alikuwa kaniaga mlangoni, kwa ndani. Unyayo wake haukuvuka kizingiti. Liwa, marashi na kanga nilimwachia kabatini, nikampa funguo.

Hapa nyumbani

Juzi ndiyo siku yenyewe. Ndiyo maana mkanikuta mlango umefungwa na mkasema nimenuna.

Alinipigia mchana. Nikamuuliza nani kakukosha. Akasema Bi Thuraya aliingia alfajiri na ndoo ya maji ya moto, akamkosha kimya, akampaka liwa, akamfunga kanga. Alimsugua mgongo kwa nguvu kama anasugua sufuria. Nikasema alhamdulillahi, kakukosha mama.

"Kisha nikaenda ofisini," akasema.

"Siku hiyo hiyo?"

"Kadi yangu nayo ilikuwa kwa jina lake, Mama, na imebaki siku chache. Kwa mguu wa kwanza nje ya mlango nimekwenda huko. Kanga bado ina harufu ya udi."

Alisimama dirishani. Kijana akamuuliza kwa Kiarabu, kafili wako nani. Na mwanangu, aliyekaa ndani miezi yote ile kwa ajili ya mtu yule, akakumbuka yaliyonipata Nizwa. Akaingiwa na hofu. Akataja jina, Khalfan bin fulani wa fulani, akanyamaza hapo hapo.

"Sikumrehemu, Mama."

Kijana akatazama mtambo wake. Kumbe Khalfan alikwisha kufutwa zamani. Akasema taratibu, "Allah yarhamu," yaani Mungu amrehemu, akaendelea na kazi yake.

Mgeni asiyemjua ndiye aliyemwombea. Zuwena ananieleza hivyo huku analia, kilio ambacho hakukilia siku niliyofika. Nilikuwa nimeshika simu sikioni. Nikamrehemu Khalfan kwa sauti, upande huu wa bahari, mara nyingi, mpaka na yeye akaweza kuitikia amin.